Pampu Kubwa ya Kaka Gaudens

Kaka yangu Gaudens ni karani wa masjala, mtu wa kupanga mafaili na kula chakula cha mchana saa saba kamili. Ila mpe vitu vya kuchagua, atachukua kikubwa. Friji lake halikupita mlangoni, mpaka leo linakaa barazani. Sie Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na yeye anawapa watu cha kusema.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo siku ya ndoa yangu Gaudens ndiye alikuwa wa kunifikisha kanisani. Gari la kukodi alilikataa katakata. Alisema nitapanda gari lake, Mark Two, ambayo aliifunga turbo ya kuongeza kasi na tangu hapo ikikimbia inaishiwa nguvu, mafuta hayafiki ya kutosha. Ilitaka pampu mpya ya mafuta.

Mama mkwe wangu, bi Editha, naye aliniusia jambo moja tu: kwao bibi harusi hamtangulii mumewe kanisani. Anayetangulia anaonekana alikuwa anakufa kwa hamu ya ndoa, na atasemwa mpaka azeeke.

Nilikwenda na kaka gereji kwa fundi Marijani, Gongo la Mboto. Fundi akapiga hesabu kwa chaki juu ya bati.

"Lita mia mbili hamsini kwa saa. Inakutosha na inabaki."

"Kubwa kuliko zote ni ipi?"

"Mia nne hamsini. Ya magari ya mashindano hiyo, bwana Gaudens. Mafuta yakizidi lazima yarudi kwenye tangi, na bomba lako la kurudishia jembamba. Yakikosa njia yanajaa kwenye injini. Ukikimbia hutaona kitu. Ukienda polepole plagi zitalowa, litazima."

"Fundi, mie nambeba bibi harusi. Sitaki kitu pungufu. Funga hiyo kubwa."

Nami nikaitikia kwa kichwa, mjinga mwenzake. Hakuna aliyekumbuka kwamba msafara wa harusi unakwenda mwendo wa kinyonga.

Jumamosi tarumbeta zilitangulia juu ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, shangazi zangu wakacheza barabarani, sisi tukafuata. Gari likakohoa. Likatoa moshi mweusi, shangazi Yuliana akatoweka ndani yake, kigelegele kikageuka kikohozi. Lilizima mara tatu kabla hatujaumaliza mtaa wetu. Msimamizi wangu, Clara, alipandisha vioo kunusuru shela, tukaanza kuiva kwa joto.

Gaudens akampigia fundi simu.

"Likizima tena haliwaki," alisema Marijani. "Likimbize!"

"Kaka, usithubutu," nikamwambia.

"Auleria, shika shela."

Akawapita wapiga tarumbeta, na gari lililokuwa linakufa likapaa. Dakika saba baadaye tulikuwa Ukonga, nje ya kanisa lisilo na bwana harusi wala wageni. Alikuwepo bi Editha peke yake, anapanga maua. Akanitazama, akatazama saa yake.

"Karibu, mwanangu. Umewahi."

Niligeuka kumtukana kaka, nikamkuta ameinamia usukani, jasho limelowesha kola.

"Nilidhani kubwa ndiyo salama," akasema. "Baba angekuwepo usingepungukiwa kitu. Nikaogopa upungukiwe kwa sababu umebaki na mie tu."

Hasira iliniishia palepale. Nikalia, Clara akafoka kwamba wanja unatoka.

Bwana harusi alifika baada ya nusu saa, akanikuta namsubiri mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha Gaudens akanishika mkono tuingie. Alitembea hatua moja, akasimama. Hatua nyingine, akasimama tena. Padri akamwashiria aharakishe. Kaka akajifanya anatazama viatu, akazidi kupunguza mwendo. Bi Editha alitukodolea macho kutoka benchi la mbele.

Nikamkazia kaka mkono. Nami sikuwa na haraka.