Ilimite ya Parseli Yetu

Volkano ilipotufukuza mjini, tulikimbilia Sake na simu na magodoro. Aliyekuwa na mega za intaneti aliwagawia wengine, kila mutu akatafuta habari za watu wake. Tuliporudi Goma, parseli yetu, nyumba nne zenye geti moja, ilikata neno: konekisyo haifungwi kwa kode ya siri. Kumfungia jirani konekisyo kukawa sawa na kumnyima kaa la moto la kuwashia jiko.

Mimi ndiye niliyelipia ile forfe, kifurushi cha mwezi mzima, ya "ilimite", yaani tumia mpaka uchoke. Basi parseli ikatumia! Mama muuza vitenge aliwaonyesha wateja wake nguo kwa video kutwa nzima. Kwaya ya vijana ilijifunzia nyimbo barazani kwangu. Na waasi walipoanza kusukuma watu kutoka Rutshuru, familia moja ya wakimbizi iliingia nyumba ya nyuma, ikawa inapekua kila video ya barabarani ikitafuta uso wa kaka yao. Niwaambie nini hao? Wapunguze kutafuta?

Kisha ujumbe wa kampuni ukaja, kwa Kifaransa kitamu: umetumia kupita kiasi cha haki, mwendo wako unapunguzwa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilikwenda ofisini kwao nikiwa nachemka. "Ilimite ni ilimite! Ao mulitudanganya?"

Binti wa dirishani hakukasirika. "Papa, mutandao ni moja kwa mutaa yote. Weye ukiimaliza peke yako, wengine watapata nini?"

Aka! Peke yangu? Nikamweleza habari ya nyumba nne. Alinisikitikia kweli, halafu akasema anayekata ni mashine, si yeye. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata hivyo neno lake lilikuwa na ukweli wake, na hilo liliniudhi zaidi. Wapunguze filamu basi, waache sauti ya mama.

Kwa maana mama yangu alikuwa Kibumba, kaskazini ya mji, na kusoma hakujua. Simu za kawaida za kupiga huko zilikuwa hazishiki tena, tukabaki na ujumbe wa sauti. Siku za volkano alikimbia kwa uvumi, akarudi akakuta mbuzi wake wote wameibwa. Tangu hapo aliapa hatatoka tena kwake mpaka asikie sauti yangu ikimwambia toka.

Asubuhi moja mabomu yalisikika upande wa kaskazini, na sauti yake ikaingia kwenye simu yangu. Nikabonyeza. Kile kiduara kikazunguka. Nikarekodi ya kwangu: "Mama, toka sasa!" Nayo ikazunguka. Niliwapigia kelele parseli nzima wazime simu zao. Wakazima wote, hata wale wakimbizi, wakaja kusimama karibu nami wakitazama kiduara.

"Yesu wangu," mama wa vitenge akasema, "hata sauti tu?"

Nilikimbia hadi kwa muuza mega wa njia panda, nikanunua kifurushi kidogo cha laini nyingine, kile cha wanafunzi. Sauti ya mama ikafunguka palepale: "Mutoto wangu, majirani wote wamepita. Nimefunga mizigo, niko hapa mulangoni. Unaniambia nini?"

Toka, mama, toka. Nikarudia, nikarudia tena. Wakati huo magari yalikuwa yanarudi kutoka Kibati, kwenye njia ya kwenda kwa mama, na madereva walisema barabara imefungwa mbele, hakuna anayepita. Maneno yangu yalikwenda mbio, bila shida yoyote, ila simu yake haikuwa inapokea tena. Mpaka leo sijui alisimama pale mlangoni mpaka lini.