Pumzi ya Kupuliza Unyoya

Juzi niliokota unyoya wa korongo kando ya mto pale Gitothua, nikakumbuka nyumba yetu ya Makongeni.

Baba alitengeneza maboya ya kuvulia samaki kwa manyoya kama huo. Aliukata unyoya kwa wembe, akabakiza mrija wa chini, kisha akauchovya ndani ya beseni la maji na kupuliza kutoka juu. Vipovu vikitoka, mrija una ufa. Visipotoka, aliuziba mdomo kwa nta ya mshumaa. Kupuliza ilikuwa kazi yake peke yake. Mimi nilishika mshumaa tu.

Alasiri moja chumba kilinuka nta na dawa ya kuchua. Baba alinipa mrija.

"Leo puliza wewe, Wairimu."

"Mimi?"

"Kwani mapafu umeyaacha shule? Puliza, mami."

Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Maji yalitulia. Baba alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Mama alikuja akasimama mlangoni.

"Mama, ona, nimekuwa fundi!"

Aligeuka haraka akaenda. Nilidhani amekasirika kwa kuwa mimi ni msichana. Sikujua kwamba baba alikuwa amekosa pumzi.

"Jumamosi tutaenda mtoni," baba aliniambia.

Jumamosi nje ya nyumba yetu palijaa viti vya kukodi na watu waliokuja kutupa pole.

Ule unyoya wa juzi niliukata, nikauchovya kwenye beseni, nikapuliza. Hakuna kipovu kilichotoka. Nikangoja kidogo, nione kama mtu atacheka.