Kiwiko Changu Kinaijua Ile Faulo

Jumapili, baada ya ibada.

Dada msimamizi wa kundi hili, naomba ulifiche jina langu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, naishi mtaa wa Awindiri hapa mjini Arua, nalima mihogo kijijini Manibe. Nilisoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo mnivumilie. Mke wangu alifariki mwaka huu kabla ya mvua. Hatukujaliwa mtoto. Nyumba imekuwa kimya, hata nikiwa uani nasikia maji yakichemka ndani.

Mke wangu alikuwa refa wa mpira wa kikapu. Mchezo wenyewe sikuujua, ila akitaka kufikiria uamuzi alinitumia mimi kama mchezaji. Siku za mechi mimi ndiye niliyepika. Nikisonga ugali, alinipita akanigusa bega au mkono, akauliza, "Hii iko faulo?" Nilimjibu, "Hapana, hiyo iko mapenzi." Alicheka mpaka akashika mlango.

Alizaliwa Koboko, mji wa jirani. Mwaka jana alichezesha mechi ya Koboko na Arua, hapa kwetu. Koboko walikuwa mbele kwa pointi moja, mchezo unaisha. Mchezaji wa Arua akaruka kufunga, akakosa, na mke wangu akapuliza filimbi: wa Koboko amemgusa mkono. Arua wakapewa mitupo miwili, wakaingiza yote, wakashinda. Kelele za siku ile sitaki kuzirudia. Kwao walisema, "Binti yetu ametuuza kwa sababu ya bwana wa Arua." Wajomba zake wakaacha kutupigia simu.

Jioni hiyo hakula. Aliniambia niinue mikono kama mtu anayetupa mpira, mwiko ningali nao. Akanigusa kiwiko polepole. "Hii?" Nikasema hapana. Akagusa tena kwa nguvu, mkono ukayumba, ugali ukaanguka. "Na hii?" Nikasema hiyo ndiyo. Akakaa chini.

"Yenyewe ilikuwa katikati ya hizo mbili," alisema. "Ingekuwa mwanzo wa mchezo ningepuliza. Sasa mwisho nimeze filimbi kwa nini? Kwa sababu ni kwetu?"

Hatukulizungumza tena.

Wiki iliyopita yule mchezaji wa Koboko alikuja kwangu. Anauza nyanya sokoni kule. Mazishini, wajomba walipotuma salamu za pole tu, yeye alikuja peke yake akasimama nyuma. Nikampa chai.

"Shemeji," akasema, "kule wananiita Mkono. Nikishika nyanya ya mwenzangu wanasema, 'Mkono, acha, hiyo iko faulo.' Mimi nacheka na wao. Lakini mimi hapana gusa yule mutu. Ama niligusa? Siku hizi sijui tena. Dada alikuambia nini?"

Nilimwambia anipe muda nifikiri. Anarudi Jumapili ijayo.

Nikimwambia ilikuwa katikati, Koboko watasema mke wangu alibahatisha, na jina lake litazikwa mara ya pili, safari hii na watu wake mwenyewe. Nikimwambia alikuwa na hakika kabisa, nitakuwa nimemdanganya mtu aliyekuja kumzika. Na neno "katikati" halitoshi. Ili aelewe, ingebidi nimwinue mikono, nimguse kiwiko kama nilivyoguswa mimi.

Hapo ndipo ninaposhindwa. Tangu aondoke, watu wananishika mkono wa pole, basi. Hakuna anayenipita jikoni. Ile miguso miwili bado naisikia kwenye kiwiko, na ule wa katikati, ambao hakunigusa kamwe, naujua kuliko yote. Naogopa nikiupeleka kwenye mkono wa mwingine, wangu utasahau.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimwambie, nimwonyeshe, au nikae na mguso huo mwenyewe? Na ninyi mnaokwenda uwanjani, siku refa akipuliza mwishoni na matusi yakawafika mdomoni, mkumbukeni kwanza mke wangu.