Maneno Manne ya Leokadia

"Nimekupa maneno manne uyafikishe. Umefikisha nusu ya moja, tena umeipaka asali. Mengine umeyapeleka wapi?"

Leokadia alisema hayo akiwa chini ya ngazi, kiroba cha unga kila mkono, Februari ya mwaka 2007. Binti yake Genoveva, miaka kumi na saba, aliangalia viatu vyake. Walikuwa wametoka sasa hivi kwenye ofisi ya ghorofa lao la Flemingdon Park, huku ughaibuni, kulalamikia lifti iliyokufa siku kumi na tisa.

Huko ofisini Leokadia alisema kwa Kiswahili, akihesabu kwa vidole ili mkalimani wake asipotee. La kwanza: mimi si mbuzi wa kupanda mlima kila siku, ghorofa kumi na nne. La pili: kodi hamjaisahau hata siku moja, lifti mmeisahau siku kumi na tisa. La tatu: jirani yangu Bi Zebunissa ana magoti mabovu na tangu lifti ife hajatoka nje, huyo ni mpangaji au mfungwa? La nne lilikuwa la karani mwenyewe: kijana, hiyo tai uliyovaa ingefaa kumfungia yule mbuzi.

Genoveva akamgeukia karani, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anaomba, wakipata nafasi, waiangalie lifti. Karani akatabasamu. Genoveva naye akatabasamu. Watu wakianza kutabasamiana namna hiyo, ujue hakuna kitakachotengenezwa.

Alidhani mama hasikii. Leokadia, mtu wa Ifakara, alikuwa na mwaka wa tisa akifua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Kiingereza kilimkwama mdomoni, masikioni kilipita vizuri sana.

Genoveva alijitetea kwamba wangefukuzwa. Alisema kwa Kiingereza, ndiyo kawaida ya watoto wa huku: unampa Kiswahili, anakurudishia chenji ya kigeni.

"Tungefukuzwa na maneno yetu wenyewe," Leokadia alimjibu. "Sasa nakudai. Yote manne."

Wakapanda ngazi.

Wiki chache baadaye Leokadia alishuka na nguo chafu kwenye chumba cha mashine za kufulia, akakuta watu watatu wanapiga kelele humo. Genoveva alikuwa anaimba. Faraz, mtoto wa Bi Zebunissa, alikuwa na kompyuta juu ya kikaushio. Wa tatu alikuwa Wilmer, kijana wa Ekwado aliyekuja kwa basi kutoka Mount Dennis, na ndiye aliyewaletea mdundo wa regetoni, ule unaomtikisa mtu kiuno kabla hajapewa ruhusa. Waliimba Kihispania na Kiingereza, na Kiswahili kidogo cha kuokoteza. Kundi walishalipa jina: Lifti Mbovu.

Leokadia alitaka kuwafukuza. Kisha akasikia wanachoimba: akina mama wenye shahada wanaosugua sakafu, vijana wanaosimamishwa na polisi mara tatu kwa wiki, kodi inayopanda wakati lifti haipandi. Akakaa juu ya ndoo. Siku hiyo nguo zake alizikausha mara mbili.

Desemba, kwenye sherehe ya Uhuru kwenye ukumbi wa kanisa, Lifti Mbovu walipewa dakika tano. Ya pili haijaisha, mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania, Mzee Methodius, akachomoa waya wa spika. Alisema watu wamekuja kula pilau, siasa na viuno vibaki nje.

Leokadia akasimama na sahani yake.

"Mzee, shikamoo. Wewe unakaa nyumba yako Mississauga, ngazi zako kumi na mbili na zulia juu. Ngazi zetu hujazipanda. Waache watoto."

Mzee aliitikia marahaba, maana hakuwa na njia, lakini waya hakuurudisha. Basi wanawake wa jikoni wakatoa masinia, wakapiga mdundo kwa miko, na wimbo ukaisha bila umeme. Mtu mmoja aliurekodi kwa simu. Kufikia Pasaka ulikuwa unasikika maghorofa yote mpaka ya mtaa wa Don Mills.

Hapo ndipo walipopanda. Wapangaji wakawaita kwenye mikutano, vyuo vikawaita, redio ikawaita. Mwaka 2009 lifti mpya ikafungwa. Wenye jengo walisema ilikuwemo kwenye mipango yao tangu zamani. Leokadia hakubishana, alipanda. Kazini aliwaonyesha wenzake picha ya mwanawe gazetini, na asiyeiangalia vizuri alionyeshwa tena.

Lakini kila Jumapili, mbele ya ugali, alikumbusha: "Nyimbo nzuri. Deni langu liko palepale."

Julai 2011 walipewa jukwaa kubwa katikati ya mji. Bi Zebunissa alishuka kwa lifti, akakaa mbele kwenye kiti chake cha kukunja, Leokadia ubavuni. Katikati ya onyesho Genoveva aliinua mkono, Faraz akazima mdundo. Akawaambia watu kwamba aliwahi kutafsiri maneno ya mama yake kwa uoga, na leo anayatafsiri upya. Akayasema, Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, Wilmer akiyarudia Kihispania. Mbuzi. Kodi. Mfungwa. Uwanja mzima ukaitikia.

Leokadia alikuwa amekwisha kuinuka, kanga mkononi, kwenda kumtunza mwimbaji kama anavyotunzwa kwetu. Mlinzi akamzuia kwa mkono.

"Mpishe," Bi Zebunissa alimwambia kwa Kiingereza chake cha kishule. "Maneno hayo ni ya huyu."

Leokadia akapanda jukwaani. Akamfunika mwanawe kanga mabegani, akapiga kigelegele kilichoingia kwenye kipaza sauti na kuwashtua watu hata wa nyuma kabisa.

"Mama, nimelipa?" Genoveva aliuliza, kwa Kiswahili.

"Nilikupa manne. La tai hukulisema."

"Yupo pale, mama. Mstari wa tatu."

Leokadia akaangalia. Karani yule yule, na mtoto mdogo mabegani, alikuwa anacheza, vibaya lakini kwa moyo wote. Shingo yake ilikuwa wazi.

"Hata tai hajavaa," Leokadia alisema. "Basi hilo nimekusamehe."