Silvère Haulizi Njia

Kaka yangu Silvère alikuwa dereva wa wageni katika mji ambao yeye mwenyewe alikuwa na miezi minne tu tangu auone. Simsengenyi, hata mbele yake nilimwambia. Tulizaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura, na Agosti ya 1994, vita ilipokwisha, tulipakia magodoro juu ya Peugeot yake kuukuu tukaja Kigali. Kule walituita Wanyarwanda. Tulipofika huku wakatuita Warundi.

Wageni walikuwa wengi mwaka ule: watu wa misaada, waandishi wa habari, na jamaa waliotoka Kampala na Ubelgiji wakitafuta nyumba za shangazi zao. Barabara hazikuwa na majina, na wengi waliozijua walikuwa wameuawa au wamekimbia. Silvère aliwasubiri wageni uwanja wa ndege wa Kanombe, shati limepigwa pasi, akiwaambia, "Panda, miye ni wa hapahapa." Kisha wanapotea. Siku moja nilikuwemo garini alipompeleka Kimihurura mama mmoja Mholanzi, aliyejifunza Kiswahili Tanzania. Tulipita njiapanda ya Sonatubes, penye kiwanda cha mabomba ya maji, mara tatu. Mara ya tatu yule mama akauliza kwa upole mji huu una viwanda vingapi vya mabomba.

"Nakuonyesha mji," Silvère akamjibu, bila hata kupepesa macho.

Kumuuliza mpita njia kulikuwa mwiko kwake. Nilipomkemea alifura: "Wapi! Miye niulize njia ya kwetu?"

Kiburi hicho alikipata kwa baba, au papa kama tulivyomwita. Papa yetu, Jean-Berchmans, ni seremala, na kila jioni kule Buyenzi, huku akipiga randa, alitupeleka nyumbani kwa mdomo. Kwetu ni Ndera, alisema, mashariki ya Kigali. Unateremka, unavuka kijito, unapanda kidogo, unakuta jiwe pana kama kitanda. Hapo. Tuliyakariri maneno hayo kama katekisimu. Shuleni mtoto asiye na kilima cha kwao alichekwa, na sisi tulikuwa na kilima, kijito na jiwe.

Wiki ya kwanza tulipofika, Silvère alikwenda Ndera kupatafuta. Alizunguka siku tatu. Vijito vilikuwa vingi na mawe yalikuwa mengi, na bila shaka hakumuuliza mtu. Kwa papa, aliyebaki Buyenzi, akaandika kwamba kila kitu kiko sawa.

Mwezi wa Desemba papa akajibu kwamba anakuja. Alikuwa na miaka sitini na sita na moyo wake ulikuwa mbovu. Aliomba jambo moja tu, apaone kwao kabla hajafa. Silvère akanifuata jikoni, uso umemshuka.

"Alida, nimepata jiwe."

"Lile lenyewe?"

"Jiwe. Linafaa."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini sikumzuia, kwa sababu na mimi nilitaka papa apumue.

Papa alipofika, tulikwenda Ndera Jumamosi asubuhi. Papa alikaa mbele, amevaa koti lake la misa. Tulishika njia ya Kabuga, tukakata kushoto, tukaacha gari kilimani na kuteremka kwa miguu. Kijito kilikuwepo, tukakivuka kwa daraja la miti. Tukapanda kidogo, na jiwe likawepo, pana kweli. Juu yake palikuwa pameanikwa koti la mwanamume.

Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia maharage karibu na pale. Alipotuona aliinuka taratibu, akashika jembe kwa mikono miwili. Baadaye alitwambia jina lake, Nyirahabimana, na kwamba katika nyumba yake wamebaki yeye na mama mkwe tu. Wakati ule aliuliza kitu kimoja.

"Mmekuja kwa ajili ya shamba?"

Nikaelewa. Miezi ile magari mengi yalikuwa yakisimama kwenye vilima namna hii, watu wanashuka, wananyoosha kidole: hapa palikuwa petu. Silvère alikuwa ameyaandaa maneno hayohayo. Niliona mdomo wake ukifunguka. Papa akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu," papa akamwambia yule mwanamke. "Sisi ni wageni. Tumepotea njia. Tunaomba maji."

Yule mwanamke alitutazama mmoja mmoja. Halafu akaliweka jembe chini, akaingia ndani, akarudi na kikombe. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, ndipo akampa papa. Papa akanywa yote, akiwa amesimama kando ya lile jiwe bila kuligusa.

"Mkirudi msipite darajani," Nyirahabimana akasema, sasa sauti yake imelegea. "Limeoza. Zungukeni kule kwenye mikaratusi, mtatokea barabarani."

Tulirudi garini, tukaenda mpaka tukaifikia lami. Ndipo papa akakohoa.

"Silvère, lile jiwe umelijuaje?"

Kaka yangu alilia, mtu mzima, huku akiendesha. "Nisamehe, papa. Nililichagua tu. Lenu sikuliona."

"Hata miye sikuliona," papa akasema. "Njaa ya mwaka wa ishirini na nane ilinitoa huku mgongoni mwa mama, sijaota hata jino. Niliyowaambia ndiyo aliyoniambia yeye. Kutwa nzima leo nakungojea wewe uniambie kama ndipo."

Nilitaka kuwafokea wote wawili. Badala yake nikaanza kucheka, na papa akacheka mpaka nikauhofia moyo wake.

Jumatatu Silvère alipata mgeni wa kwenda Kimihurura, na papa akaomba aende nao, nami nikajipenyeza nyuma. Tulipofika Sonatubes, Silvère akasimamisha gari, akashusha kioo, akamwita mama mmoja aliyekuwa akiuza parachichi.

"Samahani, mama. Miye ni mgeni hapa. Njia ya Kimihurura ni ipi?"

Yule mama akaeleza kwa mikono yote miwili. Papa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akayarudia maelekezo yake kwa sauti, moja baada ya jingine, ili tuyakariri.