Walimfukuza mama yangu huko Kigwa kisa kikombe cha maji

Wakuu, heshima kwenu. Wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba kabla hamjanisalimia.

Simu ni ya mjukuu, maneno ni yangu. Sitii chumvi, umri huu nimdanganye nani?

Nimezaliwa Kigwa, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa kibarua wa reli.

Mdogo wangu Mihayo alikuwa na macho ya njano. Kipupwe kikianza tu, anashika miguu, analia mifupa mpaka sauti inakauka. Kabla yake tulishazika wawili, ugonjwa ule ule.

Baba Jumapili yuko kanisani, benchi la mbele. Lakini alikwenda kwa mfumu, ndivyo tunavyomwita mganga wa ramli kwetu. Kuku akapasuliwa, akasomwa ndani: mchawi yumo humo humo nyumbani.

Masharti: mtoto aogeshwe alfajiri kwa maji ya dawa yaliyolala nje, na asinywe kitu mpaka jua lizame.

Jamani, baridi ile ya Julai ya Unyamwezi!

Mihayo akazidiwa. Mama uvumilivu ukamshinda. Mchana bibi mzaa baba akienda shamba, mama anamfunika mtoto blanketi, anamkanda kwa maji ya moto, anamnywesha. Hakusomea popote. Aliona tu mtoto anapata nafuu.

Siku moja bibi akarudi ghafla, akamkuta na kikombe mkononi.

"Kumbe ni wewe unayeharibu dawa! Mchawi mkubwa!"

"Mama, mtoto ana kiu."

Hayo tu ndiyo aliyojitetea. Baba kurudi kutoka kazini, akamtupia kanga zake nje.

Haikupita wiki, Mihayo akafa. Siku ya kuzika, mama alisimama upande wa pili wa reli, wakamkataza kuvuka. Nilimwona kwa macho yangu, na mpaka leo roho inaniuma.

Alimalizia maisha Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, akikaanga maandazi. Hata huko walikuwa wanamnyooshea kidole.

Sasa juzijuzi kitukuu changu kapimwa, selimundu. Daktari akanieleza kwamba chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini, zinajibinya zinapita kwenye mishipa myembamba kabisa. Za mgonjwa huyu zinakakamaa, zinapinda kama mundu, zinanasa. Njia ikiziba, mifupa inakosa hewa, ndiyo yale maumivu. Baridi na kiu vinazidisha.

"Bibi, nyumbani mpeni maji mengi, mkae naye kwenye joto. Akizidiwa, mleteni haraka."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nikamuuliza, hii inatoka kwa mama? "Kwa wote wawili, bibi. Baba nusu, mama nusu."

Baba alikufa akijisifu kwamba alifukuza mchawi. Mzee yule, na nusu ilikuwa yake!

Basi wakuu, pimeni damu kabla hamjaoana, na mtoto akilia mifupa mkimbizeni hospitali.

Najua kuna watakaokuja kuandika "wazee wa zamani hawakujua". Karibuni, tubishane.

Mama naye hakujua. Lakini alimpa mtoto maji.