Nilivyotandika Kitanda cha Makumbusho

Leo nacheka, lakini siku ile ningeweza kuingia chini ya kile kitanda nisitoke tena, maana aibu niliyoipata hapa Sydney sikuwahi kuipata hata nyumbani Machakos, na huko nimewahi kuanguka mbele ya kanisa zima.

Ndio tulikuwa tumefunguliwa baada ya miezi ya Korona, na kituo cha wazee ninakofanya kazi, huku Granville, kikawatoa wazee wachache wakaone jumba moja la enzi za Malkia Victoria ambalo siku hizi ni makumbusho. Mimi nilikuwa bado kibarua wa kuitwa kwa simu, na maneja wetu, Leanne, alishaniambia atanitazama siku hiyo ndio aamue kama nitapewa mkataba wa kudumu. Basi nikaenda nimejipanga, barakoa mpya, glavu mfukoni, na pakiti ya vile vitambaa vya dawa tulivyopangusia kila kitu (wakati huo hata swichi ya taa ilikuwa adui).

Kwa sababu ya Korona, vyumbani hawakuruhusiwa watu wengi, kwa hiyo mwongozaji wa jumba akafungua kamba ya mlangoni ili nipitishe kiti cha magurudumu cha Joan, shosho mmoja wa kituo chetu niliyekuwa namsukuma, akatuacha chumba cha kulala, akaenda na wengine sebuleni. Sasa kile kitanda, jamani, hakikuwa kimetandikwa. Shuka imevutwa upande, gauni la kulalia limetupwa juu ya mto, na chini pana chungu cha kukojolea. Kazini kwetu kitanda kikikutwa hivyo saa nne asubuhi, anaulizwa aliye karibu, na aliye karibu nilikuwa mimi. Nikasema ngoja ninyooshe shuka tu.

Shuka ikataka kona, kona zikataka blanketi, nikakunja gauni, nikapangusa meza na vyuma vya kitanda kwa dawa, vumbi likatoka jeusi tititi, nikajisifu kimoyomoyo. (Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi nililishika mwenyewe hata dakika kumi hazijaisha.) Mwongozaji aliporudi na kundi zima, Leanne mbele, walinikuta nimevaa glavu, nimeinua kile chungu, natafuta choo.

Yule mama mwongozaji akanieleza taratibu kwamba kitanda kilipangwa vile makusudi, kufuata picha ya zamani, na kwamba dawa yangu haifai hata kuingia mlangoni. Nikaomba msamaha kwa Kiingereza, kikanikatikia, nikamalizia kwa Kiswahili. Kazi nikajua imeenda.

Kwenye basi, Joan akamgeukia Leanne.

"Changu hakijawahi kutandikwa vizuri hivyo, hata siku moja."

Leanne akamuuliza ni nani hukitandika. Joan akaninyooshea kidole.

Alisema kweli, nami niliumia, maana kitanda chake nilikuwa nakimaliza kwa dakika mbili nikimbilie kingine. Mkataba nilikuja kupewa, baada ya kutazamwa miezi mitatu zaidi. Makumbusho sikanyagi tena, na cha Joan nakitandika kona zote nne, hata nikiwa nimechelewa.